Isale la Baba Yako

Haika mwanangu,

Kabla hujasoma mbali, ujue hili: sijamsamehe baba yako. Watu watakwambia mama yako amepoa siku hizi, anaimba kwaya na kucheka na mawifi zake nje ya kanisa. Kuimba naimba, na kucheka nacheka. Kusamehe bado, na nimeona nikuandikie mwenyewe usije ukalisikia kwa shangazi yako Elieshi, ambaye habari haiwezi kupita mdomoni mwake bila kutiwa chumvi.

Sitakuandikia habari za sweta. Ule vizuri, usali, upige simu ukifika, hayo yote mjomba wako atayasema kesho njiani kutoka hapa Old Moshi mpaka uwanja wa ndege, na usipomkatiza atayarudia. Mimi nina jambo moja. Unakwenda kusoma, na mpaka upate chumba chuoni utakaa kwa baba yako, katika nyumba ile ile aliyokuzuia ulipokuwa mdogo. Atakusimulia. Atakusimulia taratibu, kwa ile sauti yake ya upole ambayo mimi mwenyewe iliniingiza kwenye ndoa. Nataka uondoke na maneno yangu yakiwa yametangulia kichwani mwako. Ndiyo, ni kisasi, siwezi kukudanganya kwamba ni kitu kingine.

Ulikuwa unamaliza darasa la kwanza. Baba yako alikuwa ameshahamia Uingereza kikazi, na Desemba ile alirudi nyumbani, si unajua Wachagga wanavyorudi, mlima unajaa magari mpaka njia za migombani zinazibwa. Tulichinja, tukapika ndizi za machalari, watu wakanywa mbege wakaimba. Krismasi ilipopita akanijia jikoni, akasimama mlangoni akiwa amekubeba mgongoni.

"Mama Haika, niachie mtoto nikakae naye kidogo kule. Akaione theluji."

Nikacheka. "Theluji si ile pale?" Nikamwonyesha kilele cha Kibo kwa mwiko.

"Ile haishikiki," akasema, na wewe ukacheka kwa sababu yeye alicheka. "Shule zikifunguliwa nitakuwa nimeshamrudisha."

Nikasaini karatasi ya kukuruhusu kusafiri. Niliisaini juu ya meza ya cherehani, pini zikiwa mdomoni, maana nilikuwa nakushonea sare ya darasa la pili. Umenikuta kazini mara nyingi, unajua sisi mafundi wa sare tunavyofanya: upindo wa chini unaachwa mrefu, mtoto akirefuka unafumuliwa, sare inasogea mwaka mwingine. Wewe nilikuachia upindo wa kiganja kizima, ulikuwa unarefuka mpaka bibi yako akawa anakutania kwamba unakula mbolea ya migomba. Nilipomaliza niliitundika ukutani juu ya kitanda chako ikusubiri. Shule zikafunguliwa, sare iko ukutani.

Kwanza ulikuwa na mafua. Halafu hali ya hewa ilikuwa mbaya, ndege hazitoki. Halafu siku moja akasema, "Ameshaanza shule huku, amezoea, usimvuruge." Baada ya hapo simu ikawa inaita mpaka inakata. Nililia dukani mbele ya wateja, Haika, nikalia mpaka yule mama wa duka la jirani akaja kunifungia mlango. Kisha nikaacha kulia, nikapanda kwa wakwe zangu, nikasimama uani kwao nikapiga kelele ambazo kijiji kizima kilizisikia. Nikasema mtoto wenu mwizi. Nikasema kesho nakwenda polisi, na Jumapili nasema kanisani kwenye matangazo. Polisi hawakuwaogopesha sana, ila kanisani waliogopa.

Hiyo Jumapili haijafika vizuri wakaja kwangu. Alitangulia Babu Ndesario, mdogo wake marehemu babu yako, aliyekuwa msemaji wa ukoo, nyuma yake shangazi yako Elieshi na wengine wawili na kibuyu cha mbege. Babu alikuwa ameshika isale.

Umekulia katikati ya hayo majani, yamezunguka kihamba chetu chote, shamba zima la migomba, lakini sijui kama nimewahi kukueleza uzito wake. Mtu akikujia na isale mkononi amekuja kuomba radhi, na humgeuzii mgongo. Hata kama amemwaga damu ya ndugu yako, unamkaribisha, unamsikiliza. Anayekataa isale ndiye anayegeuka mbaya, na watu watamnong'ona mpaka kaburini.

"Mama Haika," Babu akasema, "kijana wetu amekosa. Ametutuma tuje tukuombe. Tupokee, mama."

Nikapokea. Nilipaswa kusema, "Rudini nalo, mtalileta siku mtoto wangu atakaposimama hapa mlangoni." Sikusema. Nilikuwa jasiri wa kupiga kelele uani kwa watu, lakini kuitwa mwanamke aliyekataa isale niliogopa. Nikalishika kwa mikono miwili, nikakalia kigoda, nikapewa mbege nikanywa. Elieshi akatoa simu.

"Wifi, shika vizuri lionekane. Na ucheke kidogo, jamani, msiba umeisha."

Nami nikacheka. Ile picha ninaijua mpaka mkunjo wa kitenge changu, kwa sababu mara ya pili nilipoiona ilikuwa mahakamani.

Wakili wangu alikuwa dada mmoja wa Bomang'ombe, mwembamba, anazungumza haraka. Alinikalisha akanieleza. Kuna mkataba, akasema, ambao nchi nyingi zimeukubali wa kurudishiana watoto waliochukuliwa, lakini nchi yetu haimo. Kwa hiyo jaji wa kule hatamrudisha mtoto kwa sababu tu mama amelalamika. Ataangalia maslahi ya mtoto, na anayesema neno mahakamani ndiye anayelithibitisha. Mimi nikisema nyumbani kwako ni Moshi, nithibitishe. Nikisema ulikwenda kutembea tu, nithibitishe. Baba yako akisema nilikubali uhamie kule, hilo ni la kwake, alithibitishe yeye.

"Mimi nimemzaa," nikamwambia. "Nithibitishe nini zaidi?"

"Mama, kwa jaji huyu wewe ni jina kwenye karatasi. Lete vitu."

Nikaleta vitu. Kadi yako ya kliniki, ripoti ya shule, cheti cha ubatizo, mwalimu wako wa darasa la kwanza aliyeapa kwamba kiti chako kilikuwa kinakusubiri. Na ile sare. Wakili aliipiga picha, halafu nikaeleza kwa kiapo kwa nini upindo ni mrefu vile: hakuna fundi anayemwachia upindo mtoto anayemhamisha. Nilijua siku hiyo jinsi inavyouma kukaa kitako ukakusanya ushahidi kwamba mtoto wako ni wako, wakati aliyekuchukulia amemlaza chumba cha pili, hana haja ya kukusanya kitu.

Kesi ilisikilizwa kwa video. Mimi na wakili wangu tulikaa ofisini kwake Bomang'ombe, wakili mwenzake akasimama mbele ya jaji kule, na mkalimani akawa katikati. Baba yako nilimwona kwenye kioo, tai shingoni, amenyoa. Hakunitazama hata mara moja. Siku ya kwanza tulikwenda vizuri mpaka wakili wake alipotoa picha. Ni mimi, na isale, na kibuyu, nacheka. Akasema: kwa mila ya watu hawa jani hilo ni amani. Mama amelipokea mbele ya wazee, amekunywa nao, amefurahi. Ameridhia mtoto abaki. Sasa amebadili mawazo.

Kila neno lilikuwa la kweli, ila hayo ya mwisho, ya kuridhia. Niliulizwa, "Ni wewe kwenye picha?" Ni mimi. "Ulilipokea kwa hiari?" Hakuna aliyenishika mkono. "Unacheka?" Nacheka. Jaji akaandika, akaahirisha. Nikatoka pale nikatembea mpaka stendi bila kujua nakwenda wapi, nikajikuta nimepanda basi la Sanya Juu badala ya la Moshi. Nilikwenda mpaka mwisho wa safari. Nikashuka sokoni, nikakaa pembeni ya mama mmoja muuza viazi, naye hakuniuliza kitu, akaniletea gunia la kukalia tu.

Kabla ya siku ya pili wakanitumia taarifa ya afisa ustawi wa watoto wa kule, aliyezungumza na wewe. Hili sijawahi kukwambia, lakini utalisikia huko, kwa hiyo bora ulisikie kwangu. Uliulizwa unataka kuishi wapi. Ukasema unataka kukaa kwa baba, kwa sababu mama alikutoa, alimpa baba jani la kukubali. Jani la kukubali! Alikuonyesha ile picha, mwanangu. Alikukalisha mtoto wa darasa la pili, akakufundisha kwamba mama yako alikuuza kwa tabasamu na kibuyu cha pombe. Sikukulaumu wewe hata dakika moja. Yeye, hapo ndipo nilipomwekea kiapo cha kutomsamehe, na ndicho hicho hicho ninacho mpaka leo. Kunichukulia mtoto huenda ningekuja kulisahau nikizeeka. Kumwambia mtoto wangu kwamba sikumtaka sitalisahau.

Hasira ile ndiyo iliyonipa akili. Nilikuwa nashona, mguu unakanyaga cherehani, moyoni namtukana kwa Kichagga chote nilichofundishwa na nisichofundishwa, nikawa nayarudia maneno ya Babu Ndesario. Kijana wetu amekosa. Ametutuma tukuombe. Mguu ukasimama. Nikampigia wakili pale pale. Akaanza kucheka peke yake kwenye simu.

Siku ya pili wakili wa baba yako akairudia picha yake. Jaji akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikamwambia mkalimani, tafsiri hivi hivi, usipambe. Nikasema: mheshimiwa, isale haliletwi kwa mtu aliyekubali. Mtu aliyekubali unampelekea shukrani. Isale unapeleka kwa mtu uliyemkosea, kuomba radhi. Muulize huyo hapo, kama mimi nilikubali mtoto wangu ahamie kwake, alituma wazee waniombe radhi ya nini?

Mkalimani akatafsiri. Jaji akamgeukia baba yako akamuuliza kwa upole kabisa: uliwatuma wewe? Akasema ndiyo, maana alikuwa ameshaapa hivyo kwenye karatasi zake. Kuomba msamaha? Akamtazama wakili wake. Jaji akamwambia asimtazame wakili, ajibu. Akasema, ni mila tu. Msamaha wa kosa gani? Akaishika tai akailegeza. Mimi niko Bomang'ombe kwenye kiti cha plastiki, namtazama anavyotokwa jasho na tai yake, na sijawahi kula chakula kitamu kushinda dakika ile. Mungu anisamehe, nikiikumbuka hadi leo nasikia utamu.

Alishindwa kuthibitisha. Jaji alisema hivyo, kwamba anayedai mama aliridhia alitakiwa aonyeshe, na alichokionyesha kinaonyesha kinyume chake. Akaamuru urudi.

Ukarudi, umevaa koti zito kwenye jua la Desemba. Nilikukimbilia uwanja mzima. Ukanyoosha mkono ukasema "Shikamoo" na ukasimama mbali, ukinikagua. Nyumbani nilikuvalisha ile sare. Nikafumua upindo wote, kiganja kizima, nikaupiga pasi, na bado ikaishia juu ya magoti. Nilitoka nje nikajifanya nakwenda kukata ndizi.

Hapo ndipo palipoanza kosa langu kubwa, kubwa kuliko la isale. Lile lilikuwa la kuogopa watu. Hili nilikufanyia wewe. Nilikuwa nimetoka mahakamani lakini mahakama haikutoka kwangu. Nilikuuliza jikoni, nilikuuliza ukioga, nilikuuliza njiani: unampenda nani zaidi? Ulinikumbuka? Ulilia? Kwa nini hukulia? Ukisema neno la Kiingereza nahesabu ni la baba yako. Ukicheka na simu nataka kujua ni nani. Siku ile ulipokuwa unachambua maharage ukaacha, ukanitazama, ukasema, "Mama, niseme nini ndiyo uamini?" Ulikuwa mtoto mdogo na ulikuwa umechoka kama mtu mzima. Nilikujibu kwa ukali kwamba sikuulizi kitu. Baadaye nikaenda kwenye masale ya mpakani nikakaa chini yake peke yangu, na tangu hapo nimejitahidi. Sikufaulu kila siku, najua.

Kwa wengine sikujitahidi wala sijitahidi. Shangazi yako Elieshi alileta kitambaa nimshonee gauni la harusi ya mwanawe, kana kwamba picha ile alipiga mtu mwingine. Nilimpima vizuri, nikamshonea mshono mzuri kuliko wote niliowahi kushona. Nikabana kwapani kidogo tu. Alipendeza mno, na harusi nzima hakuweza kuinua mkono kupiga kigelegele wala kujipepea. Nilikaa meza ya nyuma nikampungia. Unaweza kumwambia, safari hii namruhusu kujua.

Sasa nakuja kwa jana, ulipokwenda kuaga ndugu zetu wa Sanya Juu. Babu Ndesario alikuja. Hatembei vizuri siku hizi, alipumzika mara nyingi kwenye kile kilima cha kwetu, na mkononi alikuwa na isale bichi.

"Shikamoo, baba," nikamwambia.

"Marahaba, mama Haika. Baba yake mtoto ametutuma tena. Anasema mtoto anakuja kwake, mambo ya zamani yaishe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Ana kazi, mama. Unajua kazi za kule."

"Naijua ndege, baba, huwa inakuja na kurudi. Niambie, radhi anayoomba ni ya nini?"

Babu akatazama viatu vyake. "Hakusema."

"Hakukwambia amekosa nini?"

"Alisema tu tulete isale, mtoto aende kwa amani." Halafu akasema polepole, "Hata mara ile ya kwanza, mama, lile neno la kwamba amekosa nilikuwa nimelitia mimi. Niliona haifai kuja na jani tupu."

Miaka yote hii, Haika, lile neno moja nililomshindia, kijana wetu amekosa, halikutoka kwake. Mzee wa watu aliliokota kwa aibu yake mwenyewe. Baba yako hajawahi kulitamka, wala kwa jaji, wala kwangu, na ninaamini wala kwako. Nilimpa Babu kigoda na chai. Isale nilimwambia aliweke juu ya ukuta wa baraza, sikuligusa, naye hakunilazimisha.

Jioni hii nililichukua, nikalifunga kwa kitambaa, nikaliweka kwenye begi lako chini ya nguo. Nilitaka umfikishie mkononi, umwambie: mama ameuliza radhi ya nini, na hatoki mtu hapa mpaka ujibu. Nilijiona nikimwona anatokwa jasho tena, na wewe umesimama mbele yake. Nikatandika nguo zako juu yake, nikafunga zipu, nikaenda kuosha vyombo nikiimba.

Halafu nikakukumbuka na yale maharage. Yeye alikupa picha ubebe kwa yule afisa, na mimi nakupa jani ubebe kwake. Nikarudi nikafungua zipu, nikalitoa. Nguo zako utazikuta zimekunjwa vibaya, ndiyo maana.

Nimelichomeka udongoni mbele ya mlango wetu, pale pa kukanyagia ukiingia. Unajua isale, ukilichomeka popote linashika. Likae hapo limsubiri. Nataka apande mlima huu kwa miguu yake, mchana, apite mbele ya majirani wote waliosikia kelele zangu, asimame hapo mlangoni bila wazee na bila wakili, aseme kwa mdomo wake: nilikuchukulia mtoto, na nikamwambia humtaki. Akisema hivyo nitaliangalia jani. Asipokuja, liote mpaka lipite paa, nife, na mnizike nalo likiwa bado linamdai.

Hilo ni lake na langu. Wewe likanyage upite. Ukimpenda, mpende, usinieleze. Ukikaa huko, ukirudi, ukirudi ukiwa umesahau nusu ya maneno, ukija na koti zito kwenye jua, mlango uko wazi na hakuna atakayekuuliza kitu. Sare yako bado ninayo, upindo nimeufumua wote. Kwangu huna la kuthibitisha, mwanangu, hata moja.

Mama yako